Shingo ya Joho la Mtawala

Jumapili, 4 Agosti

Nimechoka kuitwa Mlango. Nimechoka kabisa!

Mwaka mzima sasa. Na kosa langu nini? Kwenye mchezo wa kuigiza wa wafanyakazi wa mwaka jana nilipewa nafasi ya mlinzi wa mlango wa jumba la tajiri. Sina neno hata moja la kusema. Mlango wenyewe, kipande cha plaiwudi, ukachomoka bawaba mbele ya watu. Nikaushika. Ningefanya nini? Nikaushika mpaka mchezo ukaisha, jasho linanitiririka, na kila mwigizaji akitaka kupita nasogea nao. Mwishoni watu wakaupigia makofi mlango. Mlango! Tangu hapo hakuna mtu kiwandani anayekumbuka jina nililopewa na baba yangu. Mlango njoo. Mlango saini hapa. Mlango, magodoro ya futi sita yako wapi. Mimi ndiye mtunza stoo wa kiwanda kizima cha magodoro! Juzi hata mke wangu kaniita hivyo mbele ya dada zake, halafu akasema ulimi umeteleza. Ulimi wake hauna mafuta kiasi hicho.

Mwaka huu basi. Mhasibu wetu, ambaye ndiye mtunzi na mwongozaji wa michezo yote, ameandika mchezo wa anga za juu. Kuna Mtawala wa Anga. Ana kiti chake, ana hotuba ndefu, anaamuru jua lizimwe na jua linazimwa. Tunaoitaka nafasi hiyo tuko wawili: mimi na Shemeji.

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Kazi nilimtafutia mimi, kitengo cha kukata sponji. Alikuja kwangu kujishikiza kidogo mpaka apate chumba. Chumba amesahau kukitafuta. Analala sebuleni na anapiga mluzi.

Hotuba tumeihifadhi wote wawili. Mhasibu akasema hajui amchague nani, na kwa kuwa kikundi hakina mavazi, atakayefika kwenye mazoezi ya mwisho Ijumaa hii akiwa na joho la kumfaa mtawala ndiye atakayepewa. Atakayebaki atakuwa mlinzi wa mlango wa chombo cha anga.

Mlinzi wa mlango. Tena! Afadhali nihame mji.

Ila nimewahi. Jana nilikwenda duka la vitambaa na kukuta bahasha moja tu ya pateni imebaki. Ndani kuna karatasi nyembamba zilizochorwa vipande vya nguo. Unaziweka juu ya kitambaa, unakata, unashona, basi. Nje kuna picha ya bwana mwenye ndevu ndani ya joho refu lenye mabega mapana na kola iliyopanda mpaka masikioni. Halina zipu wala kifungo, linapita kichwani. Limeandikwa RAHISI. Nikanunua, pamoja na mahameli ya zambarau. Muuzaji akaniuliza kama nimewahi kushona. Nikamjibu kwamba ninaendesha stoo. Akanyamaza. Kwa heshima, nadhani.

Bahasha nimeificha chini ya godoro. Shemeji ataambulia patupu.

Jumatatu, 5 Agosti

Shemeji ameipata. Godoro lenyewe kumbe ndilo analolalia yeye. Nyumba nzima ina magodoro kila pembe, stoo ninayoendesha ina magodoro mpaka darini, na mimi nikachagua hilo! Nina hasira hata ya kujizaba kofi.

Alikuja nayo mezani asubuhi, ameishika kwa mikono miwili kama cheti. Akaniomba, kwa adabu zake zile zinazoudhi, kwamba nikishamaliza nimwazime na yeye. Nikasema haiwezekani. Nikasema karatasi ni nyepesi, zitachanika. Mke wangu akauliza karatasi zitapungua nini zikitumiwa na watu wawili. Nikasema suala si karatasi. Akauliza suala ni nini. Nikanywa chai.

Nimekubali kuazima. Lakini kwa akili!

Nimewahi kutoka kazini. Nikajifungia chumbani. Kwanza nimenakili kila kipande kwenye magazeti ya zamani: mbele, nyuma, mkono, kola. Nakala safi, ya kweli, yangu peke yangu. Nimeificha juu ya kabati katikati ya rundo la magazeti mengine, maana Shemeji hasomi. Pili, nimechukua pateni yenyewe, nikaufuta mstari wa shingo kwa ule wino mweupe wa ofisini, nikachora mwingine kwa rula na kalamu yangu ya lebo. Tundu dogo. Dogo la kumtosha mtoto anayetambaa. Kazi safi sana! Mkono wangu kwenye lebo unasifika. Waliochapa karatasi hizo wenyewe wasingetambua.

Nikamwona akilini Shemeji wa Ijumaa mbele ya Mhasibu: mikono juu, kichwa kimekwama ndani, anazunguka. Nilicheka mpaka mke wangu akagonga mlango kuuliza kama naumwa.

Jumanne, 6 Agosti

Nimempa. Akanishukuru. Akamwambia dada yake kwamba mumewe ana roho nzuri. Mtu ananivisha kilemba cha ukoka ndani ya nyumba yangu, asubuhi na mapema, huku anakula mkate wangu!

Jioni nimeanza kukata. Maelezo ya pateni yameandikwa kwa lugha sita na hakuna hata moja inayoeleza kitu. Nimeyatupa. Mkono ni mkono. Nikaweka karatasi juu ya mahameli, nikakata. Nikaiweka tena, nikakata. Upesi upesi, kama fundi.

Mikono yote miwili ni ya kushoto.

Mahameli, kama wasiojua wanataka kujua, yana uso na mgongo. Uso una manyoya, mgongo hauna. Karatasi ilitakiwa kugeuzwa. Nani kasema? Imeandikwa wapi? Kwenye yale maelezo, labda, lakini yale nilishayatupa kwenye pipa na juu yake kuna maganda ya mayai. Nikakata mkono wa tatu. Nikiwa na hasira. Wa tatu nao wa kushoto.

Shemeji akauliza kutoka sebuleni kama mambo yanakwenda. Nikamjibu yanakwenda vizuri sana. Akaendelea na mluzi. Mke wangu alikuwa huko huko anamshikia pini, na wanacheka. Baadaye akaja kuniuliza kama na mimi nahitaji mtu wa kunishikia. Nikamwambia katika nyumba yangu sihitaji kushikiwa kitu. Akasema sawa. Ninaijua hiyo sawa yake! Ina kurasa mia.

Nimeamua: Mtawala atakuwa na mkono mmoja wa mahameli uliogeuzwa ndani nje. Hao ni watu wa sayari nyingine. Nani anajua wanavaaje?

Jumatano, 7 Agosti

Siwezi kuandika.

Naandika.

Nimerudi kutoka kazini nikakuta nyumba inametameta. Madirisha yote! Jua linapita kama hakuna kioo. Nikamsifu mke wangu, mimi mjinga, nikamsifu kwa sauti. Nikamuuliza kasafisha kwa dawa gani. Akasema maji na siki, na kukaushia yale magazeti ya juu ya kabati.

Yale magazeti ya juu ya kabati!

Niliingia kwenye pipa mpaka mabegani. Mbele nimeipata, imelowa, imekuwa uji. Nyuma ilipita kwenye dirisha la choo. Kola yangu ilikuwa imefinyangwa donge, bado iko dirishani jikoni. Nilipiga kelele majirani wakafungua madirisha yao, machafu kuliko yetu. Mke wangu akasema angejuaje. Akasema magazeti yote ni ya zamani na yote yamechorwachorwa. Akauliza ni mtu gani anaficha gazeti ndani ya magazeti. Mtu mwenye akili, mama! Mtu mwenye akili ndiye anaficha humo!

Hivyo ikabidi nimwombe Shemeji ile pateni. Kuomba! Akaitoa hapo hapo, ameshamaliza kukata, ameikunja vizuri na hata pasi ameipitishia. Halafu akaninyooshea kidole kwenye kipande cha mbele.

"Shemeji, angalia hapa shingoni," akasema. "Walikosea huko walikochapa, tundu ni dogo. Nimekurekebishia kwa penseli, nimepima kwa kichwa changu. Fuata huo mstari wa penseli."

Nikarudi chumbani, nikafunga mlango, nikaketi kitandani kuwaza.

Mtu gani anauona mtego, halafu anakuja kumwonyesha mwenzake? Hayupo. Hajazaliwa. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo? Thubutu! Kwa hiyo Shemeji anajua. Anajua kila kitu, anajitia hamnazo, na huo mstari wake wa penseli ndio mtego wake. Amechora tundu kubwa ili joho liniteleze mpaka viwikoni mbele ya Mhasibu na kitengo kizima cha sponji. Nyoka!

Sasa mstari wa kweli uko wapi? Chini ya wino mweupe. Nilijaribu kuukwangua kwa kucha, karatasi ikatoboka. Imebaki mistari miwili: wangu, ambao najua ni uongo, na wake, ambao lazima ni uongo. Basi ukweli uko katikati! Nikachukua rula, nikagawa nusu kwa nusu, nikachora wangu wa tatu, nikakata shingo papo hapo kabla mtu hajanibadilisha mawazo.

Ningeweza kupima kichwa changu, ndiyo. Lakini utepe wa kupimia anao Shemeji, na siwezi kumwomba mtu yule yule vitu viwili siku moja.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimeaga kazini kwamba mgongo unauma. Baada ya kutwa nzima kwenye cherehani, sasa unauma kweli.

Cherehani ni ya mke wangu, aliachiwa na mama yake. Aliniruhusu kwa sharti moja: nisishonee kitu kinene. Sawa. Lakini kwenye picha yule bwana mwenye ndevu ana mabega ya kutisha na kola imesimama kama ukuta. Maelezo yalitaja kitambaa kigumu cha kutia ndani, nadhani, sikufika huko. Kitambaa kigumu cha nini, wakati mimi nina sponji? Vipande vya sponji kiwandani wafanyakazi wanaruhusiwa kuchukua. Nikachagua ile ya magodoro ya wagonjwa, ambayo haibonyei hata ikilaliwa na mtu mnene. Nikaishindilia kwenye mabega. Nikaishindilia kwenye kola, unene wa vidole viwili.

Sindano ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikavunjika. Ya tatu kipande kiliruka kikapita karibu na jicho langu, nikaitukana cherehani, nikamtukana mwenye ndevu, nikalitukana lile neno RAHISI herufi moja moja.

Kisha nikasimamisha joho kwenye mwanga. Mbele kuna nusu nyeusi na nusu inayong'aa! Kitambaa kimoja, siku moja, duka moja! Kumbe manyoya ya mahameli yanalala upande mmoja tu, na mimi mbele nimeikata nusu mbili, moja ikiwa kichwa chini. Ukilitazama upande huu unaona zambarau ya usiku, ukilitazama upande ule unaona zambarau ya juisi. Muuzaji hakuniambia. Alinyamaza tu, mshenzi yule, na mimi nikadhani ni heshima.

Mke wangu akarudi akakuta uzi umejifunga chini ya cherehani, donge kubwa kama kiota. Akalitoa donge, akapaka mafuta, akabadilisha sindano. Akalinyanyua joho langu, akaingiza ngumi zake mbili shingoni, akasema, "Hili tundu dogo." Nikasema ndio mtindo wa huko. Akaniuliza kama nimeshalijaribu. Nikasema joho la mtawala halijaribiwi, linavaliwa. Akataka kulipanua kidogo, dakika moja tu. Nikamnyang'anya.

La Shemeji limetundikwa sebuleni. Kitambaa cha shuka, rangi ya kijivu, cha bei ya kutupa. Limekaa vizuri. Limekaa vizuri mno! Ninalichukia.

Ijumaa, 9 Agosti

Niandike yote. Iko siku atakuja mtu kusoma hapa na kuona nilivyoonewa.

Mazoezi yalikuwa kwenye bwalo la kiwanda, baada ya zamu. Watu wote wamejaa, hata mlinzi wa geti ambaye kazi yake ni kukaa getini. Shemeji akalivaa la kwake mbele ya watu, kichwa kikapita sss, akatoa hotuba. Hotuba aliisema vizuri. Sisemi zaidi.

Mimi nikaenda kuvalia nyuma ya mlima wa magodoro. Kichwa kikaingia mpaka paji la uso, kikagoma. Nikavuta. Kikagoma. Nikashika pindo la chini kwa mikono yote miwili nikaruka nalo, mara moja, mara mbili. Nikafika puani. Hapo nikakumbuka stoo: kifuniko kikikaza, unakipiga. Nikarudi nyuma nikakimbilia magodoro kwa kichwa. Kikapita! Masikio yalibaki nyuma kidogo, halafu yakaja nayo, yanawaka moto.

Nikatoka. Mkono mmoja umegeuka unatazama nyuma. Mabega yanagusa magodoro kushoto na kulia. Kola imenifika machoni. Nikapanda jukwaani, nikanyoosha mkono ule unaonyooka, nikatoa hotuba nzima bila kukosea hata neno. Sijawahi kusema vizuri namna hiyo maishani mwangu. Nikaamuru jua lizimwe.

Jua halikuzimwa.

Nikaamuru tena, kwa hasira ya kitawala. Mtu wa taa akapanda jukwaani, akanisogelea, akauliza kama naomba maji. Kumbe sponji ya wagonjwa haipitishi sauti. Mhasibu alisema baadaye kwamba alichosikia ni kama mtu anayeomba msaada chumba cha jirani. Bwalo zima likaanguka kicheko. Mlinzi wa geti alitoka nje kwenda kucheka huko, akarudi, akatoka tena.

Mhasibu akamchagua Shemeji. Hata hakukuna kichwa.

Nikataka kulivua, niende zangu. Halikuvulika. Maji yalinifika shingoni! Mtu akavuta, wakavuta wawili, Shemeji kanikumbatia kiunoni huku wengine wanavuta juu, masikio yangu yanang'oka, pumzi inakata. Mhasibu akasema lichanwe. Shemeji akakataa. Akasema jasho la mtu halichanwi hivi hivi, aitwe dada yake. Wakamwita.

Tukiwa tunamsubiri, Shemeji akavua la kwake, akalikunja, akanishikisha mikononi. Masikio yangu yalikuwa ndani ya sponji lakini hili nililisikia lote.

"Shemeji, vaa hili wewe," akasema. "Hotuba unaijua kunishinda. Mimi nilitaka tu tuigize pamoja, hata mlango nashika."

Mhasibu akasema kama tumekubaliana wenyewe, yeye hana neno. Wote wakanitazama, au walitazama kola, mimi nilikuwa nyuma yake.

Nilikuwa nalo mikononi! Joho, kiti, hotuba, jina langu, vyote! Nikaipapasa shingo yake kwa vidole, mshono laini kabisa. Halafu akili ikarudi. Mtu anatoaje kitu kama hiki bure? Kuna pini imeachwa. Au kuna mshono umelegezwa kusudi ili kesho, mbele ya mameneja na wake zao, joho lidondoke na mimi nibaki na suruali. Hanipati! Nikatikisa kola kulia na kushoto. Nikamrudishia.

Alionekana kama mtu aliyepigwa, fundi wa kuigiza yule.

Mke wangu akaja na mkasi wake. Akakata kuanzia kidevuni hadi chini kwenye pindo, moja kwa moja, na hewa ikaingia.

Nyumbani akaitoa ile pateni kwenye bahasha, akaitandaza kitandani. Akapitisha kidole kwenye mstari wangu, kwenye wino mweupe, kwenye lile tobo la kucha.

"Kalamu hii naijua," akasema. "Ndiyo unayoandikia lebo za stoo."

Nikasema kalamu za namna hiyo ziko nyingi. Akazikunja karatasi moja moja, akazirudisha.

"Kaka yangu hajui," akasema. "Na mimi simwambii."

Hakugomba. Hakununa hata. Akaenda kuosha vyombo. Angegomba ningejua la kujibu, nilikuwa nimeshapanga maneno. Nilikaa kitandani na masikio yangu yamevimba, nina hasira mpaka machozi, na sikuweza kupata mtu wa kumkasirikia isipokuwa mwenye ndevu.

Jumamosi, 10 Agosti

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mchezo.

Plaiwudi ya mlango haikuonekana. Kitengo cha usafirishaji walishaigongomea kwenye kreti. Mhasibu akawa anazunguka jukwaa ameshika kichwa, mara akaliona joho langu limetupwa juu ya kiti. Lilivyochanwa mbele lote, lilikuwa pazia kubwa tu. Akalinyanyua. Akalitikisa kwenye taa, likawa jeusi, likang'aa, likawa jeusi. Akasema huu ndio mlango wa chombo cha anga.

Wakalifunga kwenye fimbo. Fimbo haikuwa na pa kushikia. Lazima mtu aishike.

Nimeishika mchezo mzima.

Kila chombo kilipofunguka niliizungusha fimbo kidogo, manyoya yakageuka, zambarau ya usiku ikawa zambarau ya juisi, na watu wakasema aaa. Walisema aaa kila mara! Nikaanza kuizungusha polepole zaidi, wakasema zaidi. Mke wa meneja alisimama. Shemeji alipotamka jua lizimwe, nikaugeuza mlango wote upande wa giza kwa mkupuo mmoja, bila kuambiwa na mtu, na bwalo likalipuka. Kwa muda mfupi, sitakana, nilisahau kabisa kukasirika.

Mwisho Shemeji akaja akanishika mkono, akanivuta mbele tuiname pamoja. Nikainama na fimbo mkono mwingine. Mke wangu alikuwa mstari wa mbele, anapiga makofi, amesimama, macho yanang'aa. Sikuweza kujua anampigia nani kati yetu.

Halafu mlinzi wa geti, kutoka nyuma kabisa, akapaza sauti: "Mlango!" Bwalo zima likaitikia. Mlango! Mlango! Mlango! Na vishindo vya miguu juu yake. Meneja naye. Mtu ambaye ndiye anasaini mshahara wangu, anagonga sakafu kwa viatu na kuniita Mlango!

Shemeji alikuwa anaitikia pamoja nao, anacheka, amenikumbatia begani.

Jumapili, 11 Agosti

Nimetulia. Nimefikiri. Nimelipata kosa.

Kosa halikuwa hila. Hila ilikuwa safi. Kosa lilikuwa kungoja mpaka niombwe, nikafanya kazi kwa haraka, na kuweka nakala ambayo adui angeweza kuikaushia madirisha. Hayo mawili tu.

Mhasibu alishadokeza jana kwamba mchezo wa mwakani utakuwa wa chini ya bahari, na kuna Mfalme wa Samaki. Shemeji akasema angependa tuucheze pamoja. Nilimwona alivyotabasamu. Anaanza mapema! Na mimi leo nimeamkia duka la vitambaa. Bahasha moja tu ilikuwa imebaki: joho la magamba, kola ya mapezi, linapita kichwani. RAHISI. Muuzaji akaniuliza la kwanza lilikwendaje. Nikamwambia watu walisimama. Akanyamaza.

Safari hii sikungoja. Nimejifungia, nimefuta, nimechora upya shingo, na mikono, na urefu, vyote kwa kalamu mpya ambayo mke wangu haijui. Nakala sijaweka. Mistari ya kweli iko kichwani mwangu, mahali ambapo hapafikiwi na siki wala maji.

Shemeji amepita hapa sasa hivi na mluzi wake, akaiona bahasha mezani. Akaniomba, kwa adabu zile zile, kwamba nitakapomaliza nimwazime. Nikamjibu nitamwazima kwa moyo mweupe kabisa, lakini safari hii nitatangulia mimi kukata.